Darasa la Kunong'ona

Rozalia alinisimamisha mbele za watu bila kuniuliza. Ilikuwa baada ya misa ya arobaini ya mama yake, shangazi yangu Gaudensia, pale pale nyumbani kwao ufukweni, mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay, watu wameshakula na kila mmoja anasubiri mwenzake aage kwanza ili naye aage. "Huyu," alisema, "ndiye aliyetufundisha nyumbani mwaka ule shule ilipotukataa. Bila huyu leo nisingekuwa muuguzi." Watu wakanipigia makofi na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, masikio yalikuwa yananiwaka. Kati ya wote waliokuwa pale, Rozalia alijua zaidi ya hayo aliyoyasema, na hadi leo sijui kama amesahau au ameamua kunisitiri. Sikuthubutu kumuuliza. Nimevuka miaka hamsini sasa, na nimeona niyaandike mwenyewe kabla sijazikwa na makofi yasiyo yangu. Mwaka ule sikuwa shujaa wa mtu yeyote. Niliogopa tangu Januari hadi Desemba, na kitu nilichokiogopa zaidi kilikuwa mtoto niliyeitwa kumfundisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne kisicho na kazi. Zamani kidogo cheti kama kile kingenipeleka moja kwa moja ofisi ya ushirika Mbinga, nikakaa nyuma ya meza na mhuri. Lakini ulikuwa wakati wa ruksa: serikali imeacha kumwajiri kila aliyesoma, kahawa ya kwetu Matiri inagombewa na wanunuzi binafsi waliokuja na malori yao, madukani vitu vimejaa na watu wanasimama kuvitazama tu. Nilikuwa napalilia mahindi kwenye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo mlimani, huku nikijiuliza kama ndiyo basi tena, barua ya shangazi ilipofika kwa mkono wa dereva wa lori. Aliandika hivi: "Imelda mwanangu, njoo unifundishie watoto. Odilo ameanguka tena shuleni. Usimwambie mtu unakuja kufanya nini." Nilisoma mara mbili. Odilo alikuwa na kifafa, na kwetu kuanguka hakukuwa jambo dogo. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba mwenye kifafa akianguka asiguswe, maana povu lake likikupata na wewe utaanguka. Asiguswe hata akiangukia motoni. Upande wa kwetu kulikuwa na mama mmoja mwenye mkono uliokunjamana na kukauka kwa moto, kwa sababu wote waliokuwa naye jikoni siku hiyo walitoka nje wakasubiri amalize. Nilimjua. Nilikuwa nikimsalimia nikiwa upande wa pili wa njia.

Shangazi alinipokea pale lori linaposhushia watu. Nikasema shikamoo, akasema, "Marahaba mwanangu. Umekonda. Twende, usisimame hapa barabarani." Ndani, huku akigeuza samaki kwenye kikaango na kuchungulia mlangoni kila baada ya sentensi mbili, alinieleza. Odilo, miaka kumi, alikuwa ameanguka shuleni mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa mstarini asubuhi, shule nzima ikakimbia, watoto wa darasa la kwanza wakakanyagwa. Kesho yake wazazi walijaa ofisini. Mwalimu mkuu, mtu mwema aliyependa amani kuliko kitu kingine chochote, akamwambia shangazi amweke mtoto nyumbani. Kisha wanafunzi wakakataa kukaa na dada yake, Rozalia, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na yuko darasa la saba, akatengewa kikombe chake cha maji, na shangazi akamwondoa na yeye. Mwalimu mkuu akakubali kuacha majina yote mawili kwenye daftari la mahudhurio, kila asubuhi anaweka alama kwamba wapo, ili Rozalia aweze kufanya mtihani wake na pasitokee maneno. Wa tatu, Kizito, miaka sita, hakuandikishwa kabisa. "Nimpeleke akaitwe mdogo wake yule?" alisema shangazi. "Nimekataa. Wewe ndiye shule yao sasa." Nilimuuliza ikijulikana itakuwaje. Akageuza samaki ambaye alikuwa ameshamgeuza. Mzazi asiyepeleka mtoto shule alikuwa na kesi, kila mtu alijua hilo, na msimu uliopita mgambo walikuwa wamemchukua baba mmoja wa kijiji cha juu, akalala siku mbili kwenye mahabusu ya kata. "Itajulikana kama mtapiga kelele," akasema.

Kwa hiyo tulinong'ona. Darasa letu lilikuwa stoo ya usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, magunia mpaka kwenye dari, na dirisha moja dogo lililozibwa kwa kitambaa cha gunia. Harufu ile iliingia kwenye daftari, kwenye nywele, kwenye uji wa muhogo tuliokunywa saa nne. Watoto walinong'ona meza ya saba na meza ya nane, Kizito alinong'ona a, e, i, o, u, na mimi nilifoka kwa kunong'ona, jambo ambalo msomaji akilijaribu ataona lilivyo gumu. Shangazi alikuwa nje kwenye vichanja akigeuza usipa juani, na mtu akionekana njiani yeye huanza kuimba wimbo wa Kwaresima. Akiimba, sisi kimya, kalamu chini, mimi namtazama Kizito asipige chafya. Nimewahi kukaa hivyo, pumzi zimebana, nusu saa nzima kwa sababu ya mtu aliyekuja kuomba moto akanogewa na mazungumzo. Mpaka leo, nikiwa kanisani na Kwaresima imefika, nyimbo zile zinanikausha mate. Mume wangu hudhani ni ibada.

Wiki ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Ubao niliutengeneza kwa mbao za kreti, nikaupaka unga wa betri kuukuu uliochanganywa na majani ya muhogo, nikautundika kwenye magunia, nikachukua kitabu cha darasa la nne kwa hesabu yangu kwamba ni cha katikati: Rozalia atakuwa anajikumbusha, Odilo atakuwa anakimbizana nacho, Kizito atakuwa anasikiliza. Nilijiona mjanja. Ilipofika Ijumaa Rozalia alikuwa anachora maua pembeni ya daftari, Kizito amejikojolea kwa kuogopa kuomba ruhusa, na Odilo alikuwa amejaza kurasa nne kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamuuliza neno la kwanza ni nini. Hakulijua. La pili, hakulijua. Alikuwa anachora, kama dada yake, tofauti ni kwamba yeye alichora herufi. Miaka miwili na nusu shuleni alikuwa amenakili ubao na kila mwalimu alimwekea alama ya vema. Nilikaa nikaona mtihani wa Rozalia uko mwaka huo huo, na mimi nimeshapoteza wiki.

Ndipo nikaenda Mbamba Bay kwa Bi Mwanaidi, mwenye duka, ambaye watu wake walitoka Kilwa zamani na alikuwa na sauti ya kusikika mpaka gatini. Wakati huo vitabu vipya vilianza kuingia, vya kampuni za watu binafsi, vyenye rangi na picha kila ukurasa. Sisi tuliozoea kitabu kimoja cha somo nchi nzima hatukujua hata namna ya kuchagua. Nilivigusa kimoja kimoja. "Unataka vya umri gani?" akauliza. Nikasema ni vyangu mwenyewe. Akanitazama nilivyoshika kitabu chenye picha ya ng'ombe na neno ng'ombe chini yake. "Wewe kidato cha nne mzima ndiyo unamjua ng'ombe leo?" Nilinywea. Akainama juu ya meza na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema polepole. "Mwanangu, hapa ni dukani, si kituo cha polisi. Niambie, wako wangapi na wana nini." Nikamwambia. Akanichagulia chenye ng'ombe kwa ajili ya Kizito. Nilipotaka kile cha rangi kwa ajili ya Rozalia, kizuri kuliko vyote, karatasi yake inanukia, akanipokonya. "Huyo ana mtihani. Mtihani bado unatungwa kutoka kile cha zamani, hiki kipya kitamfundisha mambo ambayo hawatamuuliza." Akaenda nyuma akarudi na kitabu cha zamani kisicho na jalada, alichokuwa anachania kurasa za kufungia karanga. Sehemu na desimali zilikuwa zimeshaondoka na karanga, ilibidi niziandike upya kwa kichwa changu. Nikamuuliza, na huyu wa kifafa? Akafikiri sana. "Huyo kitabu chake sijaletewa," akasema.

Hakikuwepo, kwa hiyo nilikitengeneza, na hapo ndipo sifa zangu zilipoanzia, na aibu yangu pia. Odilo alikuwa anapewa vidonge na masista wa zahanati ya misheni, na vidonge vile vilimfanya asinzie asubuhi yote. Nikaacha kumsumbua asubuhi. Nilianza naye baada ya uji, robo saa, nikamwacha, robo saa tena. Kila alipoanguka alisahau ya wiki nzima, kwa hiyo sikumpa jambo jipya mpaka lile la zamani tumelirudia siku tano. Nilikata maboksi ya sabuni nikapata kadi, neno moja kila kadi, maneno ya vitu alivyovishika: wavu, kasia, unga, mama. Hesabu alijifunza kwa macho ya wavu, anapitisha kidole anahesabu, anakunja kumi kumi. Nilimweka peke yake ukutani, mbali na wenzake, na nikamwambia shangazi, "Odilo anaelewa zaidi akikaa peke yake. Wenzake wanamvuruga." Shangazi alinisifu kwa jirani mmoja tu aliyemwamini, eti nina kipaji, nimemjulia mtoto. Na kweli mtoto alikuwa anasoma, hilo siwezi kulikana. Ila sikumweka ukutani kwa sababu hiyo. Nilimweka pale ili magunia matatu yawe kati yake na mimi. Kiti changu nilikiweka mlangoni, nikasema ni kwa ajili ya mwanga. Kadi nilimsukumia kwenye ungo na yeye alizirudisha kwenye ungo, tukaufanya kama mchezo, ili vidole vyetu visikutane. Uji wake nilimwekea chini. Nimefundisha miaka mingi baada ya pale, nimesikia semina za namna ya kumpa kila mtoto mbinu inayomfaa, na kila mara mwezeshaji anapoandika neno mbinu ubaoni mimi nauona ule ungo.

Alianguka mbele yangu kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu. Kabla ya kuanguka alikuwa na dalili moja, kidole gumba cha mkono wa kushoto kilisugua shati, kinasugua tu bila yeye kujua. Rozalia alikuwa amenieleza siku ya kwanza na mimi kila siku nilikitazama kidole kile kuliko nilivyotazama ubao. Siku hiyo nilikiona. Nilijua nina muda wa kuvuka yale magunia matatu, nikae naye, nimlaze. Nilimkamata Kizito mkono nikatoka. Sikusimama uani, nilikwenda mpaka kwenye muhogo nyuma ya nyumba, nikachuchumaa, nimemkumbatia mtoto mzima asiye na shida yoyote, naomba Mungu. Nilisikia mguu wa Odilo ukipiga ukuta. Kisha nikasikia kimya, na kimya kilinitisha zaidi. Nilirudi nikimtanguliza Kizito, Mungu anisamehe, nikamtanguliza mtoto wa miaka sita. Rozalia alikuwa amekaa sakafuni, ameweka kichwa cha mdogo wake kwenye paja, amemlaza ubavu, anamfuta mdomo kwa khanga yake mwenyewe. Hakunitazama vibaya. Ningependa angenitazama vibaya. "Ameshaamka, dada," alinong'ona. "Tuendelee na sehemu." Na mimi nikashika chaki, nikaandika theluthi mbili jumlisha robo. Odilo alipopata fahamu vizuri aliuliza kama ameanguka, dada yake akasema ndiyo. Hakuuliza nani alikuwepo. Nilihisi ahueni, nikajichukia kwa ajili ya ahueni hiyo.

Ilitokea mara tano tena mle stoo mwaka ule, na mara zote tano nilitoka. Nilikuwa na visingizio: namtoa Kizito asione, nakwenda kumwita shangazi, nakwenda kuangalia njia. Rozalia hakusema neno, si kwangu wala kwa mama yake. Alisoma kitabu kile kisicho na jalada mpaka kikachanika katikati, akapelekwa kwenye mtihani kwa njia ya nyuma, akakaa dawati la peke yake chini ya dirisha, akarudi akisema maswali yalikuwa yale yale tuliyonong'ona. Tulifurahi siku moja. Kesho yake shangazi alianza kuimba kwenye vichanja, akakatisha wimbo katikati, na hilo halikuwahi kutokea.

Alikuwa mratibu elimu wa kata, mgeni, kahamishiwa pale hana hata mwezi, mtu wa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na mgambo mmoja na lile daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu alikuja nyuma yao, uso umemshuka. Mratibu alikuwa amekwenda darasani akaita jina la Odilo, watoto wakacheka, likawa limekwisha. Aliingia stoo, akatazama ubao, kadi, wavu uliokunjwa kumi kumi. Hakuonekana mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. "Nani mwalimu hapa?" Nikasema ni mimi. "Una cheti cha ualimu?" Sina. Akamgeukia shangazi. "Mama, umeficha watoto watatu shule. Nikiandika hivi nilivyoona, kesho uko mahakama ya mwanzo." Shangazi alipiga magoti. Yule mama aliyekuwa anabeba gunia la usipa peke yake alipiga magoti kwenye mchanga akasema, "Baba, nilimficha asife. Kule wanamwacha chini. Wanamwacha chini kama takataka, baba." Mratibu akamwinua. Alisema kesho asubuhi Odilo aletwe ofisini kwa mwalimu mkuu asome mbele yake. Akisoma, yeye ataandika kwamba mtoto alikuwa akifundishwa, atarudi darasani na kesi haitakuwepo. Asiposoma, sheria ifuate mkondo wake.

Baada ya wao kuondoka shangazi alinishika mikono yote miwili. "Mimi nitazuiwa nje na mgambo. Wewe mwalimu wake utaingia naye. Akianguka, Imelda, wewe ndiye mimi." Nikasema sawa, shangazi. Nikamtazama Rozalia. Alikuwa anafunga kitabu kwa uzi, hakuinua macho. Odilo peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa ameuliza kama watoto wengine watakuwepo, akaambiwa watakuwa madarasani, akaenda kufua shati.

Ofisi ilikuwa ndogo, meza moja, makabati mawili, na kengele ya rimu ya lori ikining'inia nje ya dirisha. Mratibu alikuwa nyuma ya meza, mwalimu mkuu kasimama karibu na mlango. Odilo alisimama katikati na mimi hatua mbili nyuma yake. Kitabu kilifunguliwa popote, ikatokea habari ya mtu aliyechimba kisima. Akaanza. Sikuwahi kumsikia akisoma kwa sauti. Mwaka mzima nilimsikia kwa kunong'ona tu. Kumbe alikuwa na sauti nene kidogo, ya kukwaruza. Alipitisha kidole chini ya kila neno, akakwama kwenye neno jembe, akarudi, akalipata. Mratibu aliacha kuandika akawa anasikiliza. Tulimaliza aya ya kwanza, tukamaliza ya pili. Nasema tulimaliza kwa sababu midomo yangu ilikuwa inakwenda na yake. Ndipo nikaona kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kilikuwa kwenye shati safi, kinasugua.

Ninavyopenda kusema ni kwamba nilimdaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa mlangoni. Sikumbuki kutembea, nilijikuta nimeshika fremu ya mlango, na mbele yangu, kwenye uwanja, mwalimu mkuu amekwishafika kwenye bendera, na nyuma yangu kiti cha mratibu kikaanguka na yeye akapita dirishani na kaunda suti yake. Nje, shangazi alikuwa ameshikwa mkono na mgambo. Hakupiga kelele. Alinitazama tu nilivyosimama pale mlangoni, na akajua. Mwaka mzima hakujua, na sasa alijua, nilimwona akijua. Niligeuka kwa sababu sikuweza kuendelea kutazamwa vile, si kwa sababu nyingine nzuri zaidi. Odilo alikuwa chini, kichwa kinapiga mguu wa meza. Nikapiga magoti. Nikaweka mkono wangu kati ya kichwa na mguu wa meza, nikaumia, nikakishika, nikamgeuza ubavu kama nilivyomwona Rozalia akifanya. Povu likanijaa kiganjani, la moto, jepesi tu. Nililia kwa sauti, na hakukuwa na ujasiri wowote ndani ya kilio kile, nilikuwa nalia kwa ajili yangu mwenyewe: basi, nimekwisha.

Alipotulia alilala. Mratibu alikuwa dirishani, kwa nje, ameshika fremu, anahema. Akasema, "Alikuwa anasoma vizuri." Akaomba nimpitishie daftari lake. Nililichukua kwa mkono ule mwingine, nikampa, akaandika pale pale dirishani, akiweka daftari kwenye ukuta. Kisha akamuuliza mwalimu mkuu, aliyekuwa amerudi nusu njia, nani atakaa na mtoto darasani. Mwalimu mkuu akatazama chini. Nikasikia shangazi akisema kutoka nje, "Mwalimu wake atakaa naye." Hakuniuliza. Nadhani hakutaka kusikia jibu langu.

Mchana ule niliteremka ziwani mahali pa mawe, ambapo watu hawachoti maji, nikaanza kunawa. Nilinawa kwa sabuni ya kipande, kisha kwa mchanga, kisha kwa jiwe la kusugulia miguu. Kiganja kilikuwa chekundu na nilikuwa naendelea. Nilikuwa na alama nzuri ya biolojia kwenye cheti changu, na nilikuwa nasubiri kuanguka. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kukaa ili nisiangukie majini. Odilo alinikuta hapo. Alikuwa ametoka kulala, macho mazito, anatembea polepole kama anavyotembea siku anazoanguka. Hakukumbuka kisima, hakukumbuka mratibu, ameambiwa tu na Rozalia kwamba kesho anakwenda shule. Alisimama akanitazama ninavyosugua, na alielewa, kwa sababu alikuwa ameona watu wakisugua hivyo maisha yake yote.

"Dada," alisema, kwa ile sauti yake nene, bila kunong'ona, "mama ananishika tangu nilipozaliwa. Rozalia naye. Umewahi kuwaona wameanguka?"

Sikuwa nimewahi. Nilikaa nao nyumba moja mwaka mzima, nikawafundisha kujumlisha na kutoa, na hesabu hiyo sikuwa nimeifanya. Jiwe lilikuwa bado mkononi. Aliinama akalichukua, vidole vyake vikapita kwenye vyangu, akalirusha majini, akaniuliza kesho tutakaa dawati la mbele au la nyuma.